Vilima Kumi na Kimoja vya Mkwe Mwenzangu

Niseme mapema ili tuelewane: mimi sipendi kupanda vilima. Sikupenda nilipokuwa msichana, sikupenda nilipoolewa, na sasa nina miaka sitini na tatu na goti la kushoto linalolia kama bawaba kavu, ndiyo kabisa. Hata hivyo, mwaka huu nimepanda vilima kumi na kimoja vya Uingereza katika muda wa wiki tano, na hakuna hata mtu mmoja aliyenilazimisha. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningelazimishwa, ningekuwa na wa kumlaumu.

Kwetu Kwale mtu hupanda kilima kwa sababu. Mbuzi amepotea. Kuna mzizi wa dawa unaotakiwa. Wazee wanakwenda kaya, msitu wao wa matambiko, kuomba mvua, na hao hawapigi picha. Zamani, kabla minara ya simu haijatapakaa, tulipanda kutafuta mtandao, tukishazungumza tukashuka zetu. Lakini sijapata kusikia mtu wa Msambweni akamaliza chai ya asubuhi, akajipangusa mdomo, akasema, "Naenda juu kule nikatazame," na watu wa nyumbani wakamwacha aende bila kumshika paji la uso kuona kama ana homa.

Kazi yangu ni kuuza leso na vikoi Diani, katika kibanda kilicho kando ya njia ya kwenda ufuoni. Kazi hiyo imenifundisha kutabasamu na kukubali. Mteja akiniambia leso yangu ya kisutu, leso ya maharusi, itampendeza mbwa wake kwa kulalia, nasema naam, itampendeza sana, huku ninamkunjia. Na kabla ya kibanda kulikuwa na malezi. Nyumbani kwetu mwanamke aliyelelewa hamwambii mwenyeji wake, wala mkwewe, wala shemejiye, neno "sitaki." Husema "haya," au "mtakavyoona," kisha huwaachia watu wenye akili zao wamtazame usoni waelewe. Nami niliamini kwamba watu huelewa.

Sasa nieleze kilichonipeleka huko kwenye baridi.

Marehemu mume wangu alituachia, mimi na binti yetu wa pekee, shamba la babake lililo ukingoni mwa kilima, Kwale, pale ambapo ardhi inakatika ghafla na kuteremkia upande wa bahari. Alilipanda mikorosho kwa mkono wake mwenyewe, miaka ambayo wenzake walimcheka kwamba anajichosha, na tulimzika chini ya mkorosho wa kwanza kama alivyousia. Mikorosho ile ilishikana matawi hata mtu akisimama kaburini haoni bahari, haoni Diani, haoni chochote ila majani. Ndivyo alivyopenda. Alikuwa mtu wa kivuli, mume wangu. Jua alisema ni la nguo na samaki.

Mwaka jana shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kwangu Msambweni na maneno. Kuna bwana mmoja mwenye nyumba za wageni huko chini Diani. Anataka kujenga nyingine juu, mahali ambapo mgeni akifungua dirisha anaona pwani nzima. Amezunguka kote na shamba letu ndilo alilolipenda.

"Kaburi litazungushiwa ukuta mzuri, shemeji," akaniambia. "Litaheshimiwa. Hakuna atakayeligusa."

Sheria ilitaka saini mbili, yangu na ya binti yangu, ambaye ameolewa Uingereza. Nilimwekea shemeji chai na mahamri, nikamsikiliza mpaka mwisho. Kila kitu mwilini mwangu kilikuwa kinasema hapana. Mikono yangu ilikuwa inasema hapana. Nilimwaga chai kwenye sahani. Naye alipouliza, "Basi waonaje, shemeji?" nikafungua mdomo na yakatoka maneno haya: "Mtakavyoona nyie."

Akashukuru. Akasema atampelekea binti karatasi zake kwanza, kisha ataniletea zangu. Akala hamri la mwisho na kwenda zake.

Nilikaa siku tatu nikijitukana. Siku ya nne nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Binti yangu alikuwa amenialika kwake miaka minane, nami kila mwaka nikatafuta udhuru. Safari hii nitakwenda. Nitakaa naye wawili tu, nimshike mkono, nimwambie: mwanangu, usitie saini. Yeye ndiye atakayekataa. Yuko mbali, amesoma, na ami yake akimuona mkaidi atasema ni mambo ya Uzungu, yataisha. Mimi nitabaki na heshima yangu, na marehemu atabaki na kivuli chake. Kwa simu sikuweza. Maneno ya urithi kwetu husemwa watu wamekaa chini, wanaonana macho.

Kwa hiyo mnielewe nilipotua kule na koti la kuazima: nilikuwa natafuta saa moja tu. Saa moja ya kukaa na mwanangu peke yetu. Nikapewa vilima.

Binti yangu anaishi katika mji mdogo uliozungukwa na vilima pande zote, vya kijani, vya duara, mtu angedhani ni maandazi yaliyoachwa yaumuke. Mumewe ni kijana mrefu, mpole, aliyejifunza kusema "shikamoo" na ambaye kwa furaha yake huniamkia kila tunapoonana, hata mara sita kwa siku, hata mlangoni mwa choo. Sina neno baya juu yake. Mamake anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Huyo ndiye mkwe mwenzangu, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mkavu, mwepesi, mwenye fimbo mbili za chuma za kutembelea na kitabu kidogo kilichoorodhesha vilima vyote vya jimbo lao. Kila akipanda kimoja hukiwekea alama kwa kalamu. Siku yangu ya pili nchini mwao aliingia kwa mlango wa jikoni, akanikumbatia, akafungua kitabu mezani na kuniuliza kama ningependa kuona mandhari.

Nilikuwa sijalala vizuri. Miguu ilikuwa imevimba kwa ndege. Nikamtazama binti yangu, naye akanitazama mimi kwa macho ya kungojea.

"Haya," nikasema. "Kwa furaha."

Kilima cha kwanza kilianza na matope na kikaendelea na matope. Uingereza mashamba yana ua, na kwenye ua kuna vingazi vya mbao vya kuvukia, kwa sababu njia ya kwenda kutazama inapita katikati ya kondoo wa watu. Nilipofika kwenye kingazi, mkwe wangu kwa adabu za kwao akaninyooshea mkono anivushe. Sasa mimi ni mamake mkewe. Nitashikwaje mkono na mkwe wangu, mbele ya mwanangu, mbele ya mamake? Nikatabasamu, nikajifanya sikuuona ule mkono, nikapanda mwenyewe. Buibui likanasa kwenye msumari. Nilianguka upande wa pili kwa magoti yote mawili na viganja vyote viwili, kama mtu aliyesujudu bila udhu.

"Umeumia, mama?" wakauliza wote watatu.

"Sijambo kabisa," nikajibu, na tope liko mpaka kwenye kidevu.

Na juu kulikuwa na nini? Watu wa kwetu wananiuliza swali hili na sina jibu la kuwaridhisha. Hapakuwa na nyumba ya kuamkia wala mti wa kukaa chini yake. Palikuwa na nguzo fupi ya saruji ambayo kila anayefika anaigusa, kisha anageuka, anashika kiuno, anatazama mbali na kusema pazuri. Mkwe mwenzangu alisema pazuri. Mwanawe akasema pazuri mno. Mwanamume mmoja tusiyemjua, mwenye mbwa aliyevalishwa koti, akapita akasema pazuri leo, sivyo? Wakanitazama mimi.

"Mashaallah," nikasema. "Pazuri."

Tukanywa chai ya chupa iliyonuka chupa, tukashuka kwa njia nyingine, kwa sababu inaonekana kushuka kwa njia uliyopandia ni kosa.

Sitawachosha na vyote kumi na kimoja, maana nilichoka mimi inatosha. Cha nne tulikipanda kwenye ukungu. Tulipofika juu nilikuwa sioni hata viatu vyangu. Palikuwa na bamba la shaba lililochorwa mishale ya kuonyesha mji gani uko wapi, na mkwe mwenzangu alikuwa ananielekeza kwa fimbo, "Kule ni mto, kule ni kanisa kuu, kule siku ya hewa safi utaona mpaka Wales," nami nikawa natikisa kichwa kila upande kama ninaona. Astaghafirullah, nilisifu mto! Nilisifu mto ambao sijauona kwa macho yangu mpaka leo.

Halafu yale mabenchi. Kila kilima kina benchi, na kila benchi lina kibao chenye jina la marehemu, kwamba fulani alipapenda mahali hapa. Mara ya kwanza niliogopa kukalia. Nikamuuliza binti yangu kwa sauti ya chini kama mtu mwenyewe amezikwa chini yake. Akasema la, mama, amezikwa mjini, hapa ni kumbukumbu tu. Nikasimama pembeni na goti langu huku wao wamekaa wanakula mkate wenye mayai. Sikuwa na raha ya kukalia jina la mtu.

Haki nayo nitaitoa. Kwenye cha saba adhuhuri ilitukuta juu, na mkwe mwenzangu bila kuambiwa alivua koti lake la mvua akalitandika penye nyasi kavu, akauliza Makka iko upande gani, kisha akasimama nyuma yangu na fimbo zake kuzuia mbwa wa watu mpaka nikatoa salamu. Upepo ulikuwa mkali lakini nilisali kwa utulivu. Nilipomaliza nilitaka kumwambia jambo la kweli, angalau moja. Nikamwambia pazuri.

Na ile saa yangu moja, je? Kila siku niliitafuta. Niliamka mapema nikimvizia binti yangu jikoni, nikasema, "Mwanangu, njoo ukae," na kabla hajavuta kiti, mlango wa nyuma unafunguka, kitabu hicho mezani. Garini tulikuwa wanne, na kumzungumza marehemu na shamba lake mbele ya wakwe ni kuvua nguo za familia hadharani. Kuongea Kiswahili mbele yao wasielewe ni utovu wa adabu vilevile. Njiani huko juu binti yangu alitembea mbele na mkwe mwenzangu, mimi nyuma nikihema. Kila asubuhi mwanangu aliniuliza, "Mama, hujachoka?" Kila asubuhi nikajibu, "Wapi! Twendeni." Nilikuwa nangojea anitazame usoni aelewe. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Akawa anainama kunifunga kamba za viatu.

Nilianza kumkasirikia. Kufikia kilima cha tisa nilikuwa namuona kama mtu aliyesahau alikotoka, Mzungu mweusi, mwenye kupenda upepo na mikate baridi. Nikajiambia huyu hata nikimweleza juu ya shamba hatanielewa. Ataniambia anayetaka kununua ana haki, maana mandhari ni jambo kubwa.

Siku mbili kabla ya kurudi kwangu tukapanda cha kumi na moja. Kilikuwa na vichwa viwili, kimoja karibu na kimoja mbali kidogo. Tulipofika kwenye cha kwanza goti langu likagoma waziwazi, likavimba mbele za watu. Mkwe mwenzangu akasema yeye na mwanawe wataendelea mpaka cha pili, alama isije ikakosekana kitabuni, na sisi tupumzike. Wakaenda. Nikawatazama mpaka wakawa wadogo. Nikakalia benchi, jina la marehemu na yote, nikamshika binti yangu mkono.

Ndiyo hiyo saa yangu. Wiki tano!

"Mwanangu," nikasema, "ami yako amekuletea karatasi za shamba la babako?"

"Ameleta, mama. Zamani."

"Usitie saini."

"Nimeshatia, mama. Kabla hujaja. Nikazirudisha kwa posta."

Akaendelea haraka haraka. "Ami alinipigia, akaniambia, mamako nimemuuliza na hakukataa. Mimi sikutaka, wallahi sikutaka. Nililia. Lakini nikasema kama mama ameridhia, mimi ni nani wa kuleta maneno? Ungenifikiria nimekuja Ulaya nikaota pembe."

"Nilisema mtakavyoona."

"Basi ndiyo hivyo, mama. Wakaona."

Upepo ulikuwa unapiga buibui langu kama bendera. Nilikuwa na hasira na kila kitu, kondoo, benchi, nchi nzima iliyonitembeza wiki tano na jambo lenyewe lilikuwa limeshapita. Nikamgeukia. "Na wewe ungeniambia lini, kama si goti hili? Kila siku vilima! Nimekuja kwako na neno moja moyoni, nawe wanipandisha milima kama punda wa kubeba mchanga!"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Si wewe uliyetaka? Kila picha niliyokutumia miaka yote hii ulinijibu, mashaallah pazuri, natamani kupaona. Nikamwambia mama mkwe, mamangu anapenda sana vilima. Tukakaa naye tukapanga vyote, akaahirisha safari yake mwenyewe. Mama, hupendi?"

"Nimevichukia tangu cha kwanza."

Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya kisichoweza kusimama, machozi yanamtoka. Nikadhani ananicheka. "Mama," akasema alipopata pumzi, "mimi navichukia miaka minane. Jumapili ya kwanza nilipoolewa aliniuliza kama ningependa, nikasema kwa furaha. Tangu hapo kila Jumapili. Miaka minane, mama! Na mvua!"

Nilimtazama. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi, midomo imepasuka, na chini ya macho kuna ule uchovu ambao wiki tano nilikuwa nao mbele yangu nisiuone, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika kungojea auone wa kwangu. Nimemlea vizuri. Nilimlea vizuri mno, mpaka tukauza kaburi la babake wawili sisi, yeye kwa kunistahi mimi na mimi kwa kumstahi shemeji, na hakuna hata mmoja aliyetaka.

Lakini saini yangu ilikuwa bado. Nikaikumbuka hapo hapo kama mtu akumbukavyo chungu alichoacha motoni. Nikatoa simu. Kitu kimoja nitakisifia kilima kile bila kudanganya, mtandao wake ulikuwa safi.

Shemeji alipokea mara moja. Tukaamkiana. Akauliza habari za safari, za baridi, za wakwe, za mkwe mwenzangu ambaye hajapata kumuona. Nikauliza habari za watoto, za mvua, za mkewe na presha yake. Hata siku ya kusema neno kama lile sikuweza kuruka salamu. Kisha nikainuka, nikashika nguzo ya saruji ya kilima hicho kwa mkono wa pili.

"Shemeji, mimi sitaki shamba liuzwe. Sitatia saini."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Lo," akasema. Hakukasirika, ningependa angekasirika. "Shemeji, mbona hukusema?"

"Nasema sasa."

"Basi halitauzwa. Nani atauza wewe hutaki? Nitamwambia yule bwana." Nikasikia anavuta pumzi. "Ila shemeji... mikorosho tumeshaikata. Juzi. Alitaka kuona mandhari yenyewe yalivyo kabla ya kuendelea, nami nikajua wewe umeridhia. Tumekata yote ya upande wa bahari, na ya kaburini."

Sikumbuki nilimjibu nini. Najua binti yangu alinikalisha chini. Mkwe mwenzangu na mwanawe waliporudi walitukuta tumekaa kwenye nyasi zenye maji, tumeshikana, na binti yangu akawaeleza yote kwa Kiingereza pale pale, shamba, saini, mikorosho, na vilima pia. Nilifunika uso kwa mtandio kwa aibu. Mkwe mwenzangu akapiga magoti kwenye tope mbele yangu. Akasema, taratibu ili nielewe, "Lakini ungeniambia tu. Tungekaa nyumbani."

Siku iliyofuata tulikaa nyumbani. Alileta keki. Hakukasirika hata kidogo, na binti yangu ameniambia kwamba sasa Jumapili analala mpaka saa nne. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na urahisi huo ndio unaonichoma kuliko kitu kingine chochote.

Nimerudi sasa mwezi wa pili. Wiki ya kwanza sikuthubutu kwenda Kwale. Wiki ya pili nikapanda, na shemeji akaja na miche ya mikorosho ndani ya mifuko ya nailoni, na majembe mawili. Visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu. Kaburi la mume wangu lilikuwa limekaa juani peke yake, udongo wake umepasuka, na mbele yake pako wazi kabisa. Kunaonekana minazi, mapaa ya hoteli za Diani, mstari mweupe wa mwamba, na bahari mpaka inapokutana na mbingu. Vijana wa bodaboda wa Ukunda wameshaanza kuleta wapenzi wao kupiga picha hapo. Tulikuta maganda ya machungwa juu ya kisiki.

Shemeji alichimba shimo la kwanza upande wa kichwani mwa kaburi. Nikaushika mche wima, akafukia. Mkorosho utachukua miaka kutoa kivuli cha kumfunika mtu, na mimi nina hesabu yangu ya miaka. Aliponyoosha mgongo alitazama chini kule, akafuta jasho, na kwa kuwa alikuwa anatafuta neno lolote la kunifariji, maskini, akasema, "Lakini kusema haki, shemeji, pameonekana pazuri. Sivyo?"

Nilisikia "mashaallah" inanipanda kooni yenyewe.

"Sivyo," nikamwambia. "Si pazuri."

Akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza, kisha akainama akaanza shimo la pili.